Kandida Amelala

Siku walipomzika Kandida, katekista Kelestini alisimama upande wa kichwani pa kaburi, akafunga kitabu chake cha sala, akasema marehemu alikuwa mchapakazi. Alisema jua halikupata kumkuta kitandani, mvua haikupata kumfukuza shambani, na tope la jembe lake lilikuwa halikauki. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Mjomba mmoja aliyetoka Mahenge akaongeza kwamba hata ng'ombe wa kulimia angeomba poo mbele ya Kandida, na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kupunguza uchungu.

Fulgence, mume wa marehemu, alingoja. Alidhani baada ya hapo atasimama mtu aseme jambo jingine: kwamba Kandida aliimba sauti ya pili kwaya ikasikika mpaka nje ya kanisa, kwamba alijua kuiga mwendo wa kila mtu pale kijijini mpaka ukashika mbavu, kwamba alikuwa mwoga wa radi. Hakusimama mtu. Walifukia, wakachomeka msalaba wa mbao, na shemeji yake Adolf, aliyemwoa mdogo wa marehemu, akamvuta pembeni akamwambia kwamba kwa kuwa yeye ndiye mchora vibao, chini ya jina aandike MCHAPAKAZI.

Fulgence aliandika jina tu. Adolf alipouliza, alimwambia rangi imekwisha.

Kazi yake ilikuwa hiyo ya vibao. Nusu ya maduka ya Ifakara yalisomeka kwa mkono wake: vinyozi, mabucha, baa, mashine za kukoboa mpunga. Ofisi nazo zilimwita. Ukutani kwao aliandika kwa herufi nene KAZI NI UHAI, na LIMA ZAIDI VUNA ZAIDI, na ASIYEFANYA KAZI ASILE, na kila neno la aina hiyo lililoletwa kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa kazi ya leo ipo kesho haipo, na wakwe zake hawakuihesabu kuwa kazi. Walimwita mtu wa kivulini. Kilichokuwa kikiijaza nyumba chakula ni lile shamba la mpunga la Kandida, kule chini ya tuta la reli upande wa kuelekea Mbingu, na kila mtu alilijua hilo, naye Fulgence alilijua kuliko wote.

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Katika kijiji kile, mwanamke asiye na mtoto alitazamwa kwa jicho la pembeni, na Kandida aliamua kwamba kama watu lazima wamseme, basi watamsema kwa jembe. Alilima ekari zake, akasaidia za mdogo wake Getrude, akaenda kwenye vibarua vya palizi Mngeta kwenye shamba kubwa. Msimu ulipofika alihama nyumbani kama wakulima wengine wa bondeni, akaishi shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akawafukuza ndege aina ya kwelea kuanzia alfajiri mpaka giza.

Mavuno ya mwaka tisini na nne ndiyo yaliyommaliza. Homa ilikuwa imemkaa wiki kadhaa. Getrude alimwambia aende hospitali, yeye akajibu kwamba akimaliza kile kipande kilichobaki atakwenda. Fulgence alikuwa mjini akipaka ukuta wa ghala. Alipofika shambani siku ya Jumamosi na mkate wake mkononi, alimkuta mkewe amekaa chini katikati ya mabua, mundu mkononi, hawezi kusimama. Alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka Ifakara. Daktari alimfunua kope, akatazama, akauliza kwa mshangao huyu mama alikuwa akitembeaje, maana damu ilikwisha mwilini siku nyingi. Kandida hakumaliza usiku ule.

Baada ya arobaini, Fulgence alikaa nyumbani akitazama ua. Kilichomrudia kila siku hakikuwa kifo chenyewe. Kilikuwa jambo dogo sana. Mchana, kazi zilipopungua, Kandida alikuwa akitandika mkeka nyuma ya jiko, akajilaza kwa ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, kiganja chini ya shavu. Dakika chache tu. Mtu akikohoa barabarani, au akipiga hodi, aliruka kama aliyefumaniwa, akashika ufagio, na mgeni alipoingia alimkuta akifagia ua uliokwisha fagiliwa. "Wasije wakasema," alikuwa akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, huku shavu lina alama za mkeka.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Adolf alikuja kuuliza habari ya shamba. Alisema ni aibu ardhi ile nzuri kulala bure, na kwamba yeye yuko tayari kuilima.

"Nitalima mwenyewe," Fulgence alisema.

Adolf alimtazama vidole vyake vyenye rangi kwenye kucha. "Wewe, shemeji?"

"Mimi."

Adolf aliondoka akitabasamu, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Kule karibu na shamba aliishi bibi mmoja, Yosefina, ambaye kila mwaka alipanda ukingoni mwa jaruba lake, kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, mstari wa mpunga wa majani ya zambarau, karibu na weusi. Wengine waliung'oa wakiuona, maana punje zake ni ndogo na haununuliki sokoni. Yeye aliupanda tu, kwa kuwa mama yake alikuwa akiupanda. Fulgence alikwenda kwake, akamwamkia, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamwomba mbegu ya mpunga ule.

"Wa nini, mwanangu? Huo hauna kazi."

"Ndiyo maana nautaka, bibi."

Yosefina aliingia ndani akatoka na kibuyu.

Fulgence alitengeneza vitalu viwili, kimoja cha mpunga wa kawaida, kingine cha mweusi. Watu wa bondeni enzi hizo walikuwa wakimwaga mbegu kwa mkono, ikaota ilivyopenda. Yeye alingoja miche ikomae. Wakati huo, nyumbani, alichora kwenye ubao mdogo picha aliyoijua kwa moyo, akaigawa kwa mistari ya miraba kama afanyavyo mchoraji anayetaka kuhamishia picha ndogo kwenye ukuta mkubwa. Kisha akaenda shambani na mzigo wa kamba na vijiti. Alipigilia vijiti kingo zote, akazivuta kamba kwa urefu na kwa upana mpaka shamba zima likawa limegawanyika miraba. Alipanda juu ya tuta la reli, akatazama, akaona miguu itaonekana mifupi kwa mtu anayetazama kutoka pale, akashuka, akasogeza vijiti, akapanda tena.

Getrude alimkuta kwenye kazi hiyo. Alikuwa na mtoto mgongoni na jembe begani, akitoka kwenye shamba lake. Alisimama ukingoni, akazitazama zile kamba.

"Shemeji, watu wanasema umechanganyikiwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekuja kuona. Hapa unapanda nini?"

"Nampumzisha dada yako."

Getrude hakuelewa. Fulgence alichukua ule ubao uliokuwa umeegemezwa kwenye kijiti, akampa. Getrude aliutazama mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Alimtikisatikisa, akaurudisha ubao, akavua kandambili zake akaziweka juu ya tuta la jaruba.

"Penye weusi ni nywele?" aliuliza.

"Nywele, na mistari ya mwili, na maua ya kanga."

Alikunja kanga, akaingia topeni. Walipandikiza pamoja, mche mmoja mmoja, kila mche kwenye tundu lake kufuata kamba. Siku nyingine Getrude hakuweza kuja kwa sababu ya Adolf, na Fulgence alifanya peke yake, mgongo ukimuuma mpaka akalia. Alifanya palizi vilevile kwa mkono, maana gugu moja mahali pa jicho lingeharibu uso wote.

Mwezi wa tatu majani ya miche myeusi yalikolea. Wa kwanza kuona alikuwa Konsolata, mke wa fundi baiskeli, aliyepita juu ya tuta la reli na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama. Chini yake, katikati ya kijani kibichi cha shamba, alilala mwanamke, mkubwa kuliko nyumba, kwa ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, kiganja chini ya shavu, kanga ya maua imemfunika mpaka miguuni. Upepo ulipopita juu ya mpunga, kanga ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu apumuaye.

Konsolata alitua kuni zake. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba hakuambiwa na mtu, alimjua tu. "Ni Kandida. Amelala."

Habari hizo hazikuhitaji kusukumwa. Watu walikuja kutazama, wengine wakacheka, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Abiria wa treni walichungulia madirishani wakaoneshana vidole. Fulgence alikuwa ameketi dunguni, akisikiliza vicheko, na hakujali. Lakini baada ya wiki mbili tatu wenye kucheka walipungua, wakabaki wanawake.

Walikuja alasiri, saa za kutoka mashambani. Walitua ndoo na kuni na majembe, wakakaa juu ya tuta wakinyoosha miguu. Hawakuwa na mkutano wala ajenda. Wengine waliongea, wengine walinyamaza tu, wakamtazama yule mwanamke asiyeamka kwa kikohozi cha mtu. Siku moja Fulgence aliona mmoja wao, mama wa watoto wengi, amejilaza kwenye majani kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, na amepitiwa na usingizi. Wenzake walikuwa wamemzunguka wakiongea polepole. Fulgence aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye sakafu ya dungu, maana machozi yalikuwa yakimtoka. Kati ya yote aliyoyachora maishani mwake, hakuna lililokuwa limemfanyia mtu jambo kama lile.

Waume walianza kula wakiwa wamechelewa. Adolf alimfuata Getrude mpaka kwenye tuta akamrudisha nyumbani mbele ya watu. Wengine walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Nazari, kumweleza kwamba pale relini pameanzishwa shule ya uvivu.

Nazari hakuwa mtu mbaya. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wakubwa walikuwa wakipita kwa treni na kwa magari, na hakutaka kusemwa. Alimwita Fulgence ofisini. Bwana shamba, Osward, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa ameketi pembeni yake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa, Fulgence. Pole na msiba, najua bado." Nazari alikohoa. "Sasa ile picha. Ina maana gani?"

"Ni mke wangu, mwenyekiti."

"Tunajua ni mke wako. Namaanisha, unawafundisha nini watu?"

"Siwafundishi kitu. Amelala."

Osward aliingilia. "Mzee wangu, hapo ndipo penye tatizo. Sisi tunapita kila kitongoji tunawahimiza watu wazalishe. Wewe unachukua shamba zuri, kando ya reli, unachora mtu amelala. Mgeni akipita atasema watu wa Kilombero ndivyo tulivyo."

"Kandida ndiye aliyekuwa hivyo?" Fulgence aliuliza.

Nazari alitazama meza.

"Nyote mlimjua," Fulgence aliendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mlimsifu. Mlimsifu mpaka kaburini, kwa jambo lile lile lililomuua. Nani kati yetu alipata kumwambia, mama, kaa chini? Mimi mwenyewe sikumwambia. Niliyaandika yale maneno kwenye kuta zenu, nikalipwa, halafu nikaenda kula wali wake. Basi nimeona hata kama amekufa, walau mahali pamoja watu wamwone amepumzika, na asikurupuke."

Kisha Nazari akauliza, kwa upole, mavuno yakifika itakuwaje.

"Sitavuna."

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Picha wangeweza kuivumilia; ingeisha yenyewe msimu ukiisha. Lakini mtu kuacha mpunga uliokomaa ukaanguka, kwa makusudi, wakati kuna nyumba zinazokula mlo mmoja, hilo hata wanawake wa kwenye tuta lilipofika masikioni mwao waliguna. Getrude mwenyewe alikuja kumwona, amekasirika.

"Shemeji, hapo umekosea. Dada hakupata kuacha hata suke moja."

"Najua."

"Sasa unamfanyia nini? Unamtukana?"

"Nikivuna, Getrude, nitakuwa nimemrudisha kazini."

Getrude alimtazama kama anayemtazama mgonjwa, akaondoka bila kuaga.

Serikali ya kijiji ilikaa, ikaamua shamba livunwe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya itoe mtu mmoja, asiyekuja atozwe faini. Na kama ilivyo kawaida, kila kaya ilitoa mwanamke.

Kufikia siku hiyo mpunga ulikuwa umegeuka rangi. Mweusi na wa kawaida wote ulikuwa umeelekea kwenye rangi ya majani makavu, na kutoka juu ya tuta ulilazimika kujua pa kutazama ndipo umwone Kandida, kama doa la chai kwenye shuka. Fulgence alikaa juu ya reli, mikono magotini. Wanawake walipanga mstari upande wa miguu. Hawakuimba, ingawa msaragambo kwa kawaida una nyimbo zake. Getrude alifika kabla ya wengine, akaenda moja kwa moja mpaka upande wa kichwa, akaanza kukata peke yake pale penye uso, haraka, ili mtu mwingine asipaguse. Alipomaliza alikaa chini kwenye mabua kwa muda, mgongo ameupa tuta, kisha akainuka akaungana na wenzake.

Walipiga mpunga juu ya turubai, wakapeta, wakajaza magunia. Osward alikuwa akihesabu. Mwanzoni alihesabu kwa uvivu, kama mtu aliyeletwa kushuhudia adhabu, halafu Fulgence alimwona akisimama, akirudi kuhesabu tena, akitoa futi kamba mfukoni na kwenda kupima nafasi kati ya shina na shina. Alimwita Nazari. Wakaongea, wakatazama magunia, wakatazama juu ya tuta alikokaa Fulgence.

Shamba la Kandida lilikuwa limetoa karibu mara mbili ya mashamba ya jirani.

Haikuwa ajabu, ukifikiri. Miche ilikuwa imepandikizwa kwa kamba, kila mmoja na nafasi yake, haikugombania maji wala jua. Palizi ilikuwa imefanywa kama ya bustani. Kwa miaka yote Osward alikuwa akiwahubiria wakulima kupanda kwa mistari, na hawakumsikia, kwa sababu ni kazi ya kuvunja mgongo na hakuna aliyekuwa ameona faida yake kwa macho. Sasa alikuwa nayo, kwenye magunia, mbele ya mashahidi wa kila kaya.

Siku ya Nane Nane, kwenye sherehe ya kata, jina la Fulgence lilisomwa kwenye kipaza sauti kuwa mkulima bora. Hakutaka kwenda, Nazari alimtuma mgambo kumsindikiza, kwa heshima. Alipewa jembe jipya lenye karatasi bado kwenye mpini, na fulana. Osward alihutubia akasema, kwa furaha ya kweli, kwamba watu walidhani shamba lile limelala, kumbe mwenyewe hakulala hata siku moja. Watu walipiga makofi. Kisha wakampa Fulgence kipaza sauti awaambie wakulima wenzake siri yake.

Alikishika. Alitafuta uso wa Getrude katikati ya watu, akauona mbali, nyuma ya wanawake wengine.

"Mimi sikulima," alisema. "Nilikuwa nachora."

Watu waliangua kicheko, kicheko kizuri, cha kumpenda mtu mnyenyekevu mwenye utani, wakapiga makofi tena, na kipaza sauti kikachukuliwa.

Wiki iliyofuata walimletea ubao na rangi, wakamwomba aandike SHAMBA LA MFANO, upigiliwe kando ya reli. Alikataa. Walimleta mchoraji mwingine kutoka Kidatu, akaandika kwa herufi zilizopinda, neno la mwisho likabanana ukingoni. Shamba lenyewe, kijiji kilisema, litakuwa mikononi mwa kamati kwa muda, kwa sababu mwenye nalo ameonesha haeleweki. Adolf aliwekwa kwenye kamati.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, tangazo lilipigwa kijiji kizima. Hakuna kumwaga mbegu tena. Kila kaya itapandikiza kwa kamba, kwa nafasi zilizopimwa shambani kwa Fulgence, na asiyefuata atanyang'anywa eneo.

Fulgence hakuwa na shamba la kwenda, lakini asubuhi moja ya mwezi wa kwanza alichukua baiskeli akaenda. Aliacha baiskeli chini ya tuta, akapanda juu. Alikuwa hajalitazama bonde tangu siku ya kuvuna.

Lilikuwa limejaa wanawake. Toka pale mpaka macho yalipoishia, jaruba baada ya jaruba, walikuwa wameinama kwa mistari iliyonyooka, migongo juu, mikono topeni, wakirudi nyuma hatua kwa hatua kufuata kamba. Wanaume wawili watatu walishika ncha za kamba, wakiwa wamesimama. Juu ya tuta hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yamekwisha kuota pale walipokuwa wakikaa.

Alishuka akapita katikati ya mashamba. Aliwaamkia. Bibi Yosefina, ambaye umri wake ulikuwa wa kuota jua, alikuwa naye topeni, maana anaishi peke yake na kaya yake ni yeye. Alimwitikia marahaba bila kuinua kichwa. Konsolata alimwona akija, akageukia upande wa pili akaendelea kupanda.

Getrude alikuwa kwenye jaruba la mwisho. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na yule mtoto wa mgongoni, sasa mkubwa kidogo, alikuwa amelazwa ukingoni chini ya mwavuli. Alikuwa amefunga ncha moja ya kamba kwenye kijiti, na nyingine alikuwa akiihamisha mwenyewe, akitembea mpaka huko na kurudi, kwa sababu Adolf alikuwa kwenye kamati.

"Habari za hapa, Getrude."

Alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni, akamtazama. Macho yake yalikuwa meupe kwa chini, weupe ambao Fulgence alikuwa ameuona mara moja, siku daktari alipomfunua mtu kope.

"Nzuri, shemeji."

"Umekwenda kliniki?"

"Nikimaliza hapa nitakwenda."

"Nenda leo. Nenda sasa, mimi nitakusaidia."

"Na wakija kukagua wakikuta mimi sipo?" Hakusema kwa hasira. "Zamani tulikuwa tunamwaga mbegu siku mbili, tunaondoka zetu. Sasa kila mche tunauinamia. Wanasema ni wewe uliyeonesha njia."

"Sikukusudia hivyo. Wewe ulikuwepo, unajua."

"Najua." Alipangusa jasho kwa mgongo wa mkono, tope likabaki kwenye paji. "Nawaambia wenzangu, yeye alikuwa anachora. Wananiuliza, kuchora kunatusaidia nini sisi. Sina jibu la kuwapa."

Fulgence alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Alichukua ile ncha ya kamba iliyolegea, akaenda nayo mpaka upande wa pili wa jaruba.

Osward alikuwa akipita juu ya njia na baiskeli yake. Aliwaona, akasimama, akaweka mguu chini. Alifurahi kumwona mkulima bora amerudi shambani, akasema hivyo. Kisha akafumba jicho moja, akautazama mstari.

"Imepinda kidogo, mzee. Ivute."

Getrude alikuwa amekwisha kuinama, akingoja. Fulgence aliivuta kamba mpaka ikanyooka.